Yungiyungi la Pasaka: Mali Yenye Siku Moja ya Kuuzwa

Natumaini kila mtu amekwisha kukaa, na ana daftari na kalamu mbele yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: tunguu, dalali, rejareja, mkataba. Kila neno tutalieleza litakapofika mahali pake.

Leo tutafuata mali moja tangu shambani mpaka mikononi mwa mnunuzi. Mali hii hailiwi wala haivaliwi. Ni ua jeupe liitwalo yungiyungi la Pasaka, nalo huuzwa likiwa hai ndani ya chungu. Soko lake kubwa liko Marekani na Kanada. Huko watu wengi hulinunua ili kupamba kanisa au nyumba wakati wa Pasaka, au kumpelekea mama zawadi.

Labda mmoja wenu auliza, "Ua la watu wa mbali lanihusu nini mimi?" Swali hilo ni zuri. Ua hili lina siku moja tu ya kuuzwa katika mwaka mzima. Jumamosi kabla ya Pasaka lina bei. Jumatatu baada ya Pasaka karibu halina bei kabisa, ingawa uzuri wake haujapungua hata kidogo. Mali ikiwa hivyo, hapana budi awepo mtu wa kubeba hasara siku hiyo ikipita. Mtu huyo ni nani? Hilo ndilo swali letu la leo, nalo lamhusu kila mtu anayelima kitu cha kuuza.

Tunguu

Tuanze na neno la kwanza. Tunguu ni kile kichwa cha mmea kinachokaa chini ya ardhi na kuweka akiba ya chakula chake. Kitunguu tunachokata jikoni ni namna ya tunguu. Yungiyungi nalo hutoka katika tunguu, lakini lake lina magamba mengi yaliyobanana.

Asili ya yungiyungi hili ni visiwa vya kusini mwa Japani, vile vya upande wa Okinawa, na kisiwa cha Taiwan. Katika karne ya 19 lilipelekwa katika kisiwa cha Bermuda, kilichoko katika bahari ya Atlantiki. Wakulima wa Bermuda wakalima matunguu na kuwauzia Wamarekani. Biashara ikasitawi. Kisha, karibu na mwisho wa karne hiyo, ugonjwa ukaingia mashambani na biashara ikaharibika.

Wanunuzi hawakungoja Bermuda ipone. Waligeukia Japani, na kwa miaka mingi matunguu yakavuka bahari ya Pasifiki kwa meli. Mwezi wa Desemba mwaka 1941 Japani na Marekani zikaingia vitani. Mara moja meli zikakoma. Wenye bustani wa Marekani walikuwa na vyungu, udongo na wateja, lakini matunguu hawana.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mwaka 1919 askari mmoja aliyetoka katika Vita Kuu ya Kwanza, jina lake Louis Houghton, alikuja na sanduku la safari lililojaa matunguu ya yungiyungi katika pwani ya kusini ya jimbo la Oregon, upande wa magharibi wa Marekani. Akawagawia rafiki na jirani zake. Wao wakayapanda kwa kujifurahisha tu. Vita ilipofunga njia ya Japani, wale waliokuwa na matunguu nyuma ya nyumba zao walijikuta wana mali. Bei ilipanda hata watu wakayaita matunguu hayo dhahabu nyeupe.

Habari za bei nzuri hazikai mahali pamoja. Kufika mwaka 1945 walikuwapo wakulima kama 1,200 wa matunguu hayo katika pwani ya magharibi, tangu Kanada mpaka kusini mwa California. Wahenga wetu walisema: bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Wengi walilala mlango wazi. Waliona kwamba zao hili ni gumu, lataka kazi nyingi, na si kila ardhi inayolifaa. Mwaka baada ya mwaka wakaliacha. Siku hizi vidole vya mikono miwili vyatosha kuwahesabu waliobaki. Karibu matunguu yote ya yungiyungi la Pasaka yanayokuzwa vyunguni katika Marekani na Kanada hutoka katika ukanda mmoja mdogo wa pwani, penye mpaka wa Oregon na California, katika vitongoji vya Harbor na Smith River. Pale udongo ni wa kina, mvua ni ya kutosha, na hewa ya bahari huzuia joto kali na baridi kali.

Angalieni basi udhaifu wa njia hii. Soko lategemea mashamba machache ya mahali pamoja. Bermuda ilianguka kwa ugonjwa, Japani ikafungwa kwa vita. Mnunuzi mwenye chanzo kimoja tu hana budi kuomba kila siku chanzo hicho kisikauke.

Miaka mitatu ardhini

Je, tunguu huchukua muda gani kukua? Mahindi huchukua miezi michache. Tunguu la kuuzwa huchukua kadiri ya miaka mitatu. Mkulima hupanda vitunguu vidogo vya yungiyungi. Mwaka unaofuata huvichimbua, huvichagua, na kuvipanda tena. Hufanya hivyo mpaka tunguu lifikie ukubwa wa soko. Kazi nyingi ni ya mikono, maana tunguu hili halina ganda gumu. Likigongwa lachubuka, na palipochubuka huingia kuvu. Aina inayopandwa zaidi huitwa Nellie White. Ilipewa jina hilo na mkulima James White kwa heshima ya mkewe.

Mwishoni mwa Septemba na mwezi wa Oktoba matunguu huchimbuliwa, huoshwa na kupimwa mzunguko wake kwa inchi. Lenye inchi 9 huuzwa kwa bei kubwa kuliko lenye inchi 7, kwa sababu tunguu kubwa hutoa maua mengi zaidi. Hupangwa ndani ya makasha pamoja na mboji yenye unyevu kidogo, kisha husafirishwa kwa malori.

Hapa twakutana na neno la pili: dalali. Dalali ni mtu anayewakutanisha mwenye mali na mnunuzi, akapata ujira wake. Mwenye shamba la Oregon hawezi kumjua kila mwenye bustani wa Marekani na Kanada. Dalali awajua. Yeye hukusanya maagizo mapema, hata matunguu yakiwa bado ardhini. Msimdharau dalali, maana kazi yake ni kazi. Lakini muulizeni daima amelipwa na nani, na kiasi gani.

Kulihadaa tunguu

Matunguu yakifika kwa mwenye bustani hayapandwi na kuachwa tu. Kwa desturi yake, yungiyungi hili huchanua wakati wa kiangazi cha nchi za kaskazini, mnamo Juni au Julai. Pasaka huja mapema zaidi. Basi yapasa tunguu lihadaiwe lidhani kwamba majira ya baridi yamekwisha pita. Huwekwa penye baridi ya digrii 4 hadi 7 za Selsiasi, likiwa na unyevu, kwa muda wa saa 1,000.

Haya, fungueni madaftari. Saa 1,000 ni siku ngapi? Gawanyeni kwa 24. Mtapata siku 41 na saa 16 zimebaki. Kwa hiyo wenye bustani husema majuma 6, yaani siku 42.

Baada ya baridi, vyungu huingizwa katika nyumba ya vioo yenye joto. Humo hukaa kadiri ya siku 110 hadi 120 mpaka ua lichanue. Tuseme siku 115. Jumlisheni na zile 42 za baridi: mtapata 157. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi. Hesabuni siku 157 kurudi nyuma mtafika tarehe 26 Oktoba 2023. Lakini tumekwisha kuona kwamba matunguu huchimbuliwa Septemba na Oktoba. Mvua ikimzuia mkulima majuma mawili tu asiweze kuchimba, siku zote za akiba zimekwisha.

Tena Pasaka haikai mahali pamoja. Makanisa ya magharibi huihesabu kwa mwezi mpevu: ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaofuata tarehe 21 Machi, au unaoangukia tarehe hiyo yenyewe, kama unavyohesabiwa na kanisa. Kwa hiyo Pasaka yaweza kuwa siku yoyote tangu 22 Machi mpaka 25 Aprili. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 20 Aprili. Mwenye bustani hawezi kulifuata daftari la mwaka jana. Kila mwaka huanza hesabu upya.

Tena huhesabu majani kabisa. Mnamo Januari huchukua mimea michache, huibandua jani kwa jani mpaka kwenye kichipukizi cha ndani, ambako majani ni madogo mno hata yataka kioo cha kukuzia. Mimea hiyo hufa, lakini humwambia jumla ya majani. Tuseme jumla ni majani 90, na 30 yamekwisha kukunjuka. Yamebaki mangapi? Yamebaki 60. Tuseme zimebaki siku 40 kabla ya siku ambayo vitumba vya maua hupaswa kuonekana, yaani kadiri ya majuma matano kabla ya Pasaka. Basi kila siku 2 ni lazima yakunjuke majani 3. Kama yanakunjuka polepole, mwenye bustani huongeza joto. Kama yanakwenda mbio, hupunguza. Joto lina gharama, na nje kuna theluji. Hivyo kila jani linalochelewa hulipiwa.

Mnaona, mabibi na mabwana, faida ya kujua kugawanya? Nyumba nzima ya vioo, yenye maelfu ya vyungu, huendeshwa kwa hesabu ambayo kila mmoja wenu ameifanya sasa hivi katika daftari lake.

Dukani

Kitumba cha kwanza kikianza kuvimba na kuwa cheupe, chungu hutoka. Kikitangulia kidogo, huwekwa katika chumba cha baridi siku chache kingojee. Halafu vyungu hupakiwa katika malori kwenda makanisani, katika maduka ya maua, na hasa katika maduka makubwa ya rejareja.

Rejareja ndilo neno letu la tatu. Ni kuuza kimoja kimoja kwa mtu anayekitumia mwenyewe. Kuuza shehena nzima kwa mwenye duka huitwa kuuza kwa jumla.

Wauzaji wengine huondoa zile chavua za manjano zilizo katikati ya ua, ili zisitie madoa katika nguo na ili ua lidumu zaidi. Tena yafaa mnunuzi aonywe kwamba mmea huu ni sumu kali kwa paka. Paka akila hata kidogo figo zake huharibika, na aweza kufa.

Sasa tumefika penye moyo wa somo. Chungu kiko dukani. Je, ni mali ya nani? Mtasema ni mali ya mwenye duka. Si kila mara. Maduka makubwa mengine ya Marekani yana desturi hii kwa mimea: mwenye bustani huleta vyungu, huvipanga, lakini halipwi siku ile. Hulipwa chungu kinapopita mbele ya karani wa fedha mikononi mwa mnunuzi. Kikinyauka rafuni, au Pasaka ikapita, hasara si ya duka. Duka halina mali pale, lina nafasi tu.

Fanyeni hesabu hii ya mfano. Mwenye bustani ana vyungu 1,000. Kila chungu kimemgharimu shilingi 5. Atauza kila kimoja kwa shilingi 7. Vyote vikiuzwa, apata 7,000, alitumia 5,000, faida ni 2,000. Lakini vikiuzwa 700, apata 4,900 tu. Amepungukiwa shilingi 100 katika fedha alizotumia. Vyungu 300 vilivyobaki vimekula faida yote na kumega mtaji. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Na hapa hata asiyechelewa aweza kumkosa.

Mwaka 2020 Pasaka ilikuwa tarehe 12 Aprili. Ugonjwa wa korona ulikuwa umefunga milango ya makanisa mengi na maduka mengi duniani. Matunguu yalikuwa yamekwisha kupozwa tangu mwaka uliotangulia, nayo maua hayawezi kuambiwa yangoje. Maagizo yakafutwa wakati vitumba vimekwisha kuvimba.

Njia ya Uholanzi

Je, hapana namna ya kupunguza hatari hii? Ipo. Uholanzi, nchi ya Ulaya, ndiyo kubwa kuliko zote katika biashara ya matunguu ya mayungiyungi. Hasa huuza aina nyingine zenye rangi nyingi, kwa maua ya kukata na ya vyungu. Matunguu ya aina hizo huweza kugandishwa, digrii moja au mbili chini ya sifuri, yakakaa miezi mingi yamelala. Mwenye bustani hutoa kiasi fulani kila juma na kupanda. Kwa hiyo ana maua mwaka mzima. Matunguu mengine hulimwa Chile na New Zealand, ambako majira ni kinyume cha yale ya Ulaya. Hayo huja mapya wakati yale ya Ulaya yamekaa sana barafuni.

Katika mnada wa maua wa Aalsmeer, bei haipandi kama katika minada tunayoijua. Huanza juu, ikashuka kama mkono wa saa, na wa kwanza kubonyeza ndiye mnunuzi. Siku hizi wanunuzi hubonyeza katika kompyuta wakiwa mbali, na mali nyingi haipiti tena katika saa ile, bali huuzwa kwa mapatano ya moja kwa moja. Aliyekosa bei leo hupata juma lijalo. Siku zake za kuuza ni nyingi, kwa hiyo hasara ya siku moja haimwangushi.

Huku kwetu jambo hili twalijua. Waridi za Kenya, nyingi zikitoka pande za Naivasha, huruka kwa ndege kwenda Ulaya, na mahitaji hupanda sana kabla ya tarehe 14 Februari, sikukuu ya wapendanao. Mwezi wa Aprili mwaka 2010 mlima wa moto wa Iceland ulitoa majivu, ndege za Ulaya zikazuiwa siku kadhaa. Maua yaliyokwisha kukatwa Kenya yakatupwa. Mlima uliwaka mbali, hasara ikafika hapa.

Mkataba

Limebaki neno la nne. Mkataba ni mapatano yaliyoandikwa, ambayo kila upande umeyakubali kwa kutia sahihi. Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Mtu anayebeba hasara hachaguliwi na bahati wala na jua. Huwa ameandikwa katika mkataba, mara nyingi katika mstari mmoja mdogo karibu na mwisho.

Basi, kabla hujapanda zao la soko la mbali, iwe ni maua, maharagwe mabichi au pilipili, jiulize mambo manne. Kwanza, nani atanunua, kwa bei gani, na imeandikwa wapi? Pili, siku ya mwisho ya kuuza ni ipi? Tatu, mali ikibaki, hasara ni ya nani? Nne, mali hii ina soko la pili, au hata mlo wa nyumbani, kama la kwanza likifungwa? Maharagwe yaliyokataliwa yaliwa. Yungiyungi haliliwi.

Mtu asiyejua kusoma huonyeshwa mahali pa kutia dole gumba, akatia. Wewe sasa wajua kusoma. Usione haya kusema, "Ngoja kwanza nisome." Soma pole pole, mstari kwa mstari. Ukifika kwenye maneno yanayotaja mali iliyobaki au mali iliyoharibika, simama, soma tena. Kama huelewi, waulize wenzako au mwalimu kabla ya kutia sahihi. Kisha weka nakala yako, na andika kila ulichotoa na kila ulichopokea. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini wanunuzi wa Marekani walikosa matunguu mwishoni mwa mwaka 1941?
2. Wakulima walikuwa kama 1,200 mwaka 1945. Eleza kwa maneno yako kwa nini wengi waliacha.
3. Mmea una majani 84, na 36 yamekunjuka. Zimebaki siku 32. Ni majani mangapi yakunjuke kila siku 2?
4. Katika mfano wetu wa vyungu 1,000, ni vyungu vingapi lazima viuzwe ili mwenye bustani arudishe shilingi zake 5,000? Kumbuka, hawezi kuuza nusu ya chungu.
5. Andikeni, wawili wawili, mkataba mfupi wa kuuza magunia 10 ya viazi. Hakikisheni kwamba umetaja hasara ni ya nani kama viazi vitaoza njiani.

Kwaherini, mabibi na mabwana, mpaka somo lijalo.